Fidla ya Kamachumu

Miembeni, Bukoba
Machi 1954

Kwa kaka yangu mpenzi Muhidini,

Shikamoo, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, pamoja na wifi na watoto, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo. Baba anakwenda kunywa kahawa na wazee wenzake kama kawaida, Mama anakusalimu kabla hata sijamaliza mstari huu, na masika yameanza kwa kishindo.

Kaka, nina habari nyingi, na kubwa nimeiweka mwisho.

Unamkumbuka Vijaya, binti wa Mzee Ramniklal mwenye duka la vitambaa. Amerudi kutoka Kampala na rundo la santuri za simfoni moja, yaani ule muziki mrefu wa Kizungu usio na mwimbaji, unaopigwa na watu wa kujaza ukumbi. Kumbe baba yake alikuwa nayo simfoni hiyo hiyo, ila imepigwa na Waingereza, na ya Vijaya imepigwa na Wajerumani. Alasiri za Jumapili wakawa wananiita tuzisikilize zote mbili. Kila upande ukiisha muziki unakatika, mtu anainuka kugeuza santuri na kutia gramafoni ufunguo. Mama yake, Bi Gangaben, husema zote ni ndefu mno na anarudi zake kwenye chapati.

Mwanzoni sikusikia tofauti yoyote, nikaona haya kusema. Baadaye masikio yakafunguka. Waingereza wanakwenda safi, kama askari wa gwaride. Wajerumani, ikifika ile sehemu ya polepole, wanaachia fidla zivute pumzi, hata unadhani zimesahau, kisha zinarudi na moyo wako unapasuka. Mzee Ramniklal anashikilia Waingereza, Vijaya na mimi tuko na Wajerumani, na tumebishana mpaka wateja wakaja kuchungulia.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Wewe unajua klabu yetu ya taarab ya Miembeni: siku zote tunanakili santuri za Mombasa, na sifa yetu ni kufanana nazo. Nikamwambia Bi Mastura, kiongozi wetu, kwamba ikiwa mabingwa wa Ulaya wanapiga kitu kimoja kwa namna mbili, na sisi tuna ruhusa ya kupiga kwa namna yetu. Alikataa. Alisema watu watatucheka. Nilimbembeleza mpaka akakubali wimbo mmoja tu, ule wa kumtoa bibi harusi, tuupige polepole, na mwenzetu Mushumbusi atie katikati enanga yake, kile kinanda cha nyuzi cha Kihaya.

Tulialikwa Kamachumu, harusi ya Kokubanza, binti wa Rugambwa mfanyabiashara wa kahawa. Wengi pale wana santuri ya wimbo ule nyumbani. Tulipoanza, bwana mmoja akapaza sauti, "Gramafoni yenu imeishiwa ufunguo!" Watu wakaangua kicheko. Bi Mastura akageuka kututazama, macho yakisema tukimbize. Fidla haikukimbia. Ilivuta, ikanyamaza kidogo, enanga ikaingia, na kicheko kikafa chenyewe. Bibi yake Kokubanza, mkongwe wa kushikwa mkono, akasimama na kuanza kucheza taratibu huku machozi yanamtoka. Wote wakasimama. Tuliombwa kurudia hadi vidole vikauma.

Vidole vyangu, kaka. Aliyepiga fidla ni mimi.

Mjomba Uledi, aliyekuwa mpiga fidla wa klabu, tangu mikono yake ikakamae alikuwa akinifundisha kwake Rwamishenye. Mama alijua. Baba hakujua, na siku ile, bila mimi kujua, alikuwa amekaa pamoja na wazee wa kahawa, ananitazama. Nilimwona tulipopanda lori la kurudi. Nilijua nimekwisha.

Kesho yake akanichukua hadi dukani kwa Mzee Ramniklal, akaomba apigiwe simfoni zote mbili. Alizisikiliza mpaka mwisho, kofia magotini. Kisha akaniuliza, "Hawa wa pili hawana haraka. Ndiko ulikojifunza?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Baba. Huku na kwa Mjomba."

Akasema, "Basi usiende tena Rwamishenye kwa kujificha. Fidla ilete nyumbani, nami nisikie."

Sasa kila mgeni akifika naitwa sebuleni. Jana amemwambia karani wa bandari kwamba Dar es Salaam yote haina mkono kama huu. Nilitazama chini kwa adabu, lakini kaka, sikukanusha.

Wifi mpe salamu zangu, watoto wabusu, majirani zako wa Tabora wasalimie hata wasionijua. Ukija likizo, tenga alasiri moja ya Jumapili.

Wako mdogo akupendaye,
Mwamvita binti Zahoro,
mpiga fidla