Kitabu cha Kabula

Jumatano, 11 Machi 2009
Paredi asubuhi, matope mpaka kwenye soksi. Nimesoma majina ya wasiorudisha vitabu. Ufunguo wa maktaba nimebebeshwa mimi kwa kuwa ndiye mwalimu mgeni — kana kwamba vipindi vya Baiolojia havinitoshi! Kabula wa kidato cha tatu akabisha mbele ya shule nzima. Ati alisharudisha. "Nilikupa wewe mkononi, mwalimu." Wenzake wakacheka. Damu ikanichemka. Nimemfukuza aende kwao Msangano, arudi na mzazi na kitabu.

Ijumaa, 13 Machi
Mvua tangu juzi. Kabula hajarudi. Ana kiburi, yule.

Jumamosi, 14 Machi
Kabula amekufa. Mto ulikuwa umejaa, akajaribu kuvuka ile ile Jumatano jioni. Wamemwona leo, mbali huko chini. Siku tatu kwao walijua yuko shule, na sisi tulijua yuko kwao.

Jumapili, 15 Machi
Mazishi Msangano. Baba yake mdogo akasimama kaburini: yeyote aliyekuwa anamdai marehemu ajitokeze kwa familia, mtoto apumzike. Makamu mkuu, Mwalimu Anania, akasema kwa upole kwamba kuna kitabu kimoja cha shule, ila shule imesamehe. Watu wote wakaniangalia. Au nilijiona tu. Mama yake, Nyanzobe, alikuwa ameinamisha kichwa.

Jumanne, 17 Machi
Betri za redio ziliisha. Nikainua redio nibadilishe.

Kitabu kilikuwa chini yake. Cha Baiolojia. Ndani mna karatasi yangu ya maandalio ya somo, mwandiko wangu, mmeng'enyo wa chakula. Sasa nakumbuka kila kitu — mlangoni pa darasa, kengele inalia, ananipa, napokea huku naongea na mtu mwingine. Nikaja nacho nyumbani. Sikuandika popote. Walimu hatujiandiki, tunachukua tu.

Ee Mungu wangu.

Jumatatu, 30 Machi
Siwezi kuingia kidato cha tatu. Dawati lake hakuna anayelikalia. Leo nimemwomba Mkuu wa shule, Mzee Ambilikile, anitoe darasani, anipe maktaba moja kwa moja. Akacheka. Wenzangu wanakimbilia Tunduma kwenye biashara, mimi nataka kujifungia na vumbi na popo? Nimemwambia chaki inaniumiza kifua. Uongo. Amekubali, maana hakuna mwingine anayeitaka.

Kwa hiyo hivyo ndivyo nilivyoingia kazi hii. Nikiulizwa nitataja kifua.

Alhamisi, 14 Mei
Wananisifu! Nimefukuza popo, nimetengeneza kadi mpya, daftari la kuazima jipya. Mwalimu akichukua kitabu anasaini kama mtoto wa kidato cha kwanza. Anania amenuna, shauri yake. Mkuu amepeleka jina langu Bagamoyo, kozi ya ukutubi. Mwalimu Enesi kanipa mkono wa hongera, nikatamani kuukwepa.

Wanafunzi nimewakataza kunipa kitabu mkononi. Waweke mezani, waondoke. Wanadhani naringa. Kila anayeninyooshea kitabu namsikia yule.

Chenyewe kiko sandukuni, chini ya koti. Mara mbili nimekibeba mpaka mlangoni pa ofisi ya Mkuu. Mara mbili nimerudi nacho. Nikisema, kozi hakuna, kazi huenda hakuna, na pale Msangano nitatazamwa vipi? Nisiposema, yule mtoto ni mwizi wa kitabu milele. Najiogopa.

Ijumaa, 5 Juni
Mama Kabula amekuja.

Peke yake, kwa miguu mpaka barabarani, kisha lori la mahindi. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Akafungua kanga, akatoa kitabu. Kipya! Baiolojia, kidato cha tatu. Walikitafuta Tunduma wakakosa, wamekipata Mbeya mjini. Nikasema mama, shule ilishasamehe. Akasema hapana, kusamehewa siyo kulipa. Hawataki mtoto wao alale na kitu cha watu.

Mkuu akaingia wakati huo huo. Akamweleza kwamba mimi ndiye niliyeacha kufundisha kwa kupenda vitabu. Mama akanishukuru. Mimi!

Hajui kusoma, lakini anajua jina la mwanawe likoje. Ameomba daftari la zamani. Nimelifungua ukurasa wenyewe. Akaliona, akaweka kidole. "Futa, baba, nikiona kwa macho yangu."

Nimesema naenda kutafuta kalamu nyekundu.

Niko stoo, naandika nimesimama. Namsikia anakohoa. Mkuu anamwuliza kama atakunywa chai kwanza. Amesema hapana, anamsubiri mwalimu.

Kalamu nyekundu ndiyo hii ninayoandikia.