Daktari wa Kuku na Katekista wa Somanda

Arusha, 7 Machi 1993

Baba yangu mpendwa,

Mwangaluka baba. Nakuamkia kwa magoti yote mawili, ingawa kusema kweli nimekaa kitini. Kifua chako kinaendeleaje? Na Bibi Ng'washi, bado anaitukana mifupa yake kila asubuhi kabla ya uji? Mimi ni mzima, nimenenepa. Kule Uholanzi walinilisha viazi miaka miwili mfululizo kana kwamba wananiandaa kwa mnada.

Nimerudi nchini tangu Januari na nimepata kazi hapa Arusha kwenye kampuni ya mtu binafsi. Serikali siku hizi haiajiri daktari wa mifugo hata ulie machozi ya damu. Sasa kaa vizuri, baba. Mimi si daktari wa ng'ombe. Kule nilikwenda kusomea ndege, pamoja na wanyama ambao kwetu hakuna mtu anayewafuga: kobe, chatu, kinyonga na wenzao. Nilitakiwa kukuambia mapema. Niliogopa, basi.

Lakini kazi yenyewe naipenda, na watu wananiheshimu. Wanafika kwangu tangu alfajiri, wamepanga foleni wakiwa na kuku kwapani. Nampasua kuku, nachungulia ini, bandama na utumbo, halafu namwambia mwenyewe ni nini kimeingia nyumbani kwake na kitawapata nini waliobaki. Wengine wanakuja kutoka mbali kabisa. Nikishamwambia mtu, anainama, anashukuru, anaondoka.

Nimeweka na picha. Huyo aliyejizungusha mabegani mwangu ni chatu, alikuwa na homa ya mapafu, sasa amepona.

Pasaka nakuja. Nataka unibariki mbele ya watu kanisani, kama ulivyombariki kaka Danford alipopata ualimu. Sina ninachokitaka zaidi ya hicho.

Mwanao,
Mektilda


Somanda, Bariadi, 28 Machi 1993

Mwanangu Mektilda,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Hapa nyumbani tu wazima kwa miili. Mvua ipo, mtama unasimama vizuri, ng'ombe wawili wamezaa. Kuhusu roho zetu, nitakueleza.

Unajua kawaida yangu. Barua yako ikifika siisomi peke yangu. Naipeleka kanisani, ibada ikiisha nasimama pale mlangoni naisoma kwa sauti, ili kila mtu ajue mtoto wa katekista Kasmiri anaendeleaje. Ndivyo nilivyofanya tangu ulipokuwa sekondari. Jumapili iliyopita nilifungua bahasha mbele ya watu wote nikaanza, bila hata kuichungulia kwanza.

Nilisoma vizuri mpaka kwenye bandama. Hapo nikaona watu wanaangaliana. Nikaona nikinyamaza itakuwa aibu zaidi, basi nikaendelea, foleni, alfajiri, anainama, anashukuru, anaondoka.  Nilipomaliza, Bibi yako akapiga vigelegele. Mara tatu, Mektilda. Akasema kwa sauti, "Imerudi! Kazi ya marehemu imerudi, imempata mjukuu!" Halafu mtu akaokota picha iliyokuwa imeanguka, na ikapita mkono kwa mkono. Walipoona lile joka shingoni mwako, wengine walisema wazi kwamba umejiunga na Bayeye, wale wacheza nyoka.

Wewe hukumkuta babu yako Ngeleja, na mimi sikukueleza. Alikuwa mfumu wa kuku. Mtu akiwa na shida analeta kuku, anamnong'oneza, na baba yangu anampasua, anasoma ndani, anatamka. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia miguu ya kuku, na mimi ndiye niliyetakiwa kurithi. Nilikimbilia misheni nikabatizwa. Baba yangu alikufa hajanisemesha. Sikuyabeba yote hayo ili mwanangu amrithi kwa kupitia chuo kikuu!

Tangu siku ile, nimekuta kuku kumi na wanne wamefungwa kwenye ua wangu, kila mmoja na mwenyewe anasubiri kuuliza utarudi lini. Mmoja anataka ajue nani alimroga shangazi yake.

Kila nikienda mnadani nilikuwa nasema daktari wa ng'ombe anakuja. Josho letu limekauka mwaka wa tatu sasa, mbuzi ndio wanaolala humo. Tafuta kazi ya ng'ombe. Ukiipata njoo, nitakubariki mpaka mkono uchoke. Kwa hii ya kuku, Pasaka usije.

Tena nieleze jambo moja. Kobe anaumwa nini? Na akifa, nani atajua?

Mimi baba yako,
Kasmiri Ngeleja


Arusha, 18 Aprili 1993

Baba,

Shikamoo. Natumaini Pasaka ilikuwa njema na kifua hakikukusumbua kwenye zile nyimbo ndefu. Mimi nimeila Pasaka na kasuku arobaini wanaosubiri ndege ya kwenda Ulaya. Ni hawa hawa wadogo wa kijani wenye kichwa chekundu wanaotumalizia mtama wetu. Huko wanawekwa sebuleni. Ungewaona ungechukua manati.

Nimecheka mpaka nikashika mbavu, halafu nikalia. Baba, kuku wangu hanong'onezwi chochote. Anakuja ameshakufa. Natafuta ugonjwa, sitafuti mchawi. Kuna hadubini, kuna maabara, kuna fomu ya kujaza kwa nakala tatu. Mfumu gani anajaza fomu? Na chatu ni mgonjwa wangu, hatuchezi ngoma pamoja. Shangazi wa yule mtu mwambie aende hospitali.

Kobe anaumwa mafua. Anatoa mapovu puani na anakataa kula. Akifa unajua baada ya wiki mbili, kwa harufu.

Kazi ya ng'ombe nimeiomba ofisi tatu. Wote wamenijibu ajira zimesimamishwa. Wanapunguza hata waliopo. Hii niliyonayo ndiyo kazi, na ndiyo niliyoichagua, hata kungekuwa na nyingine ningeichagua hii. Umeniambia nisije, sikuja. Imeniuma sana, baba. Sitakuficha.

Bibi mpe kitenge nilichomkabidhi dereva. Mwambie vigelegele vyake nimevipokea lakini kazi ya marehemu siijui.

Mwanao yule yule,
Mektilda


Somanda, 30 Mei 1993

Mektilda,

Salamu. Tu wazima.

Barua yako sikuisoma kanisani. Padre Marcelo aliniita. Alinikalisha, akanipa chai, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kwangu kuna mambo ya jadi yanayoendelea. Nilikuwa namjibu hapana, na muda huo huo jogoo wa mtu akawika kwenye ua wangu, na kutoka parokiani anasikika vizuri kabisa. Padre akasema nipumzike kuongoza ibada mpaka mambo yatulie. Sasa anaongoza Kristofa. Kristofa anaanza wimbo juu kama mtu aliyekanyaga mwiba, na wote tunabaki tunamfuata kwa macho tu.

Miaka ishirini na sita nimekuwa katekista. Usiniandikie tena habari za ndege.

Baba yako


Arusha, 26 Desemba 1993

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Nauliza afya yako, afya ya Bibi na ya ng'ombe. Habari za ndege sina, kama ulivyoagiza, na kwa hiyo barua inaishia hapa, kwa sababu maisha yangu yote ni habari za ndege.

Heri ya Noeli.

Mwanao, Mektilda


Somanda, 12 Septemba 1994

Ng'wanone, mwanangu Mektilda,

Mwangaluka. Najua unaishangaa bahasha hii. Kimya changu ni kibaya na najua ni kibaya. Nakuandikia haraka, barua inaondoka na lori la hawa wanunuzi wapya wa pamba, dereva ameahidi kukufikishia mkononi. U mzima? Nijibu hilo kwanza.

Kuku wanakufa. Wameanza kwa jirani yetu Malimi, sasa wamefika kwetu. Jioni kuku anakula, asubuhi amepinda shingo anaangalia mgongo wake mwenyewe, mchana amekwisha. Kinyesi ni kijani kibichi. Akina mama wanalia, maana ng'ombe ni wetu wanaume, lakini kuku ni wao, na ndiyo dawa, daftari na sabuni ya kila nyumba. Watu wameanza kutafuta aliyeroga. Nimesikia Malimi na wenzake wakitaja jina la Bibi yako, kwa sababu ya vile vigelegele.

Hapo niliogopa kwa kweli. Unajua kwetu bibi kizee akitajwa jina, mwisho wake unakuwaje.

Basi jana watu walipokwenda kanisani, mimi nilisema kifua kinanibana. Nilichukua kuku mmoja aliyekufa, nikajifungia naye kwenye zizi la ndama. Nilishika kisu cha jikoni. Mektilda, sikuwa nimeshika kuku kwa namna ile tangu nina miaka kumi na minne, lakini mkono ulikumbuka wenyewe. Nilianzia chini ya kidari kama baba alivyonifundisha, nikamfungua bila kutoboa nyongo. Safari hii sikuuliza lolote kuhusu mtu yeyote. Niliangalia tu, kama ulivyoandika kwamba wewe unaangalia.

Nimeona hivi. Ini, rangi yake ya kawaida. Bandama, ndogo kuliko nilivyozoea. Firigisi nzima, lakini lile tumbo dogo lililo juu yake, kwa ndani, lina vidoa vya damu kama mtu amelichoma kwa sindano. Utumbo una vidonda sehemu nne, vyeusi, upana wa kucha. Koo la hewa limejaa ute.

Ni nini hicho?

Nilipoinua kichwa, Bibi yako alikuwa anachungulia juu ya mlango wa zizi. Ibada aliikimbia kwa sababu ya Kristofa. Aliangalia mikono yangu. Akasema, "Kidole gumba unakiweka kama marehemu." Halafu akaenda zake kupika.

Baba yako,
Kasmiri


Arusha, 15 Septemba 1994

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Mimi mzima, na dereva anakunywa chai hapa ananihimiza.

Ni kideri. Huna haja ya kuniuliza mara mbili, umeona vyote. Wiki iliyopita nilikuwa na wanafunzi watatu kutoka chuoni, niliwapa kuku wa kideri kila mmoja na wake, na hakuna aliyekiona kile kitumbo cha juu ya firigisi. Wewe umekiona zizini, kwa kisu cha jikoni. Barua yako nimewasomea kwa sauti.

Hakuna aliyeroga. Ni ugonjwa, unabebwa na kuku wanaonunuliwa mnadani, na kwa viatu, na kwa mikono ya watu. Waambie watu hivyo leo, kabla hawajamgusa Bibi. Waliokufa wachomwe au wafukiwe, wasiliwe na wasiuzwe. Kisu kikishampasua kuku kichemshwe, kama sisi tunavyochemsha vyetu. Walio wagonjwa hawana dawa. Kuku wa mtaa mmoja wasitembelee wa mtaa mwingine, na watu wenyewe wapunguze kutembeleana, najua hilo ndilo gumu zaidi.

Zile kaya ambazo ugonjwa haujazifikia zinaweza kuokolewa kwa chanjo. Ninayo. Lakini lazima ikae kwenye barafu muda wote. Nikimkabidhi dereva huyu, itafika Bariadi imechemka. Wa kuileta na kuitia ni mimi mwenyewe.

Na mimi niliambiwa nisije na kazi ya kuku. Chupa ya barafu iko tayari mlangoni, baba. Nasubiri neno lako.

Mektilda


Somanda, Jumapili, 18 Septemba 1994

Ng'wanone,

Mwangaluka daktari. Sisi tu wazima, na Bibi yako ni mzima kuliko wote. Dereva amewasha injini, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Barua yako safari hii niliisoma kwanza peke yangu, mara tatu. Halafu leo nikaipeleka kanisani. Kristofa alipofika mwisho wa wimbo, kwa namna alivyofika, nilisimama mlangoni pale pale nilipoaibika nikaisoma yote, pamoja na ute na kinyesi. Niliposoma kwamba hakuna aliyeroga, niliisoma sentensi hiyo mara mbili huku namwangalia Malimi. Aliinamisha kichwa. Baadaye alikwenda kumsalimu Bibi yako, akiwa amepiga magoti.

Halafu nikasema jambo ambalo halikuwa kwenye barua. Nilisema kuku nilimpasua mimi, kwa mikono hii. Nilisema baba yangu alikuwa na macho mazuri, ila alikuwa anaulizwa maswali mabaya. Mwanangu anaulizwa maswali mazuri. Nilimkataa binti yangu kwa sababu ya woga wangu mwenyewe, wala si kwa sababu ya kosa lake. Nilisema hivyo mbele ya watu.

Padre Marcelo alinyanyuka. Nilidhani sasa ananifukuza moja kwa moja. Akauliza kama chanjo inafaa na kwa bata, maana yeye anao kumi na mmoja. Kwa hiyo njoo na jibu la bata. Na mimi Jumapili ijayo narudi kuongoza, watu wamemwomba Padre kwa ajili ya masikio yao.

Picha yako nimeitoa kwenye sanduku nimeitundika sebuleni. Chatu nimemfunika kwa kipande cha kalenda ya parokia, nimekibandika kwa uji. Mgeni akiuliza nasema ni skafu, Uholanzi kuna baridi.

Njoo na barafu yako. Njoo na koti jeupe, nataka walione. Kisu cha babu yako nimekitoa darini, nimekichemsha kama ulivyoniambia mnavyochemsha vyenu, kinakusubiri. Ukishuka tu stendi nitakubariki hapo hapo, mbele ya yeyote atakayekuwepo, sitangoja ibada.

Skafu iache Arusha.

Baba yako, na mshika miguu ya kuku wako,
Kasmiri Ngeleja