Stesheni Mbili, Ramani Moja

Malaba, Jumapili, 1978

Mvua tangu alfajiri. Sina hamu hata ya chai.

Mafundi wamefika stesheni. Wanaziba matao ya veranda kwa matofali ili pawe ghala. Treni ya abiria haivuki tena mpaka kwenda Uganda, kwa hiyo wakubwa wameona benchi la abiria halina kazi.

Lina kazi. Ni langu.

Mimi na dada yangu Amoit tuliolewa na wanaume wa reli. Mimi nikaletwa hapa Malaba, yeye akapelekwa stesheni ndogo ng'ambo, mbele ya Tororo. Siku ya kwanza kumtembelea nilicheka hadi machozi. Stesheni ilikuwa hii hii! Matofali yale yale mekundu, matao matatu, ubao wa nakshi unaoning'inia chini ya paa kama kitambaa cha kufuma, dirisha la tikiti lenye mviringo juu. Hata mahali pa kuotea moto, kwa joto hili letu. Wazee wa reli husema ramani ilikuwa moja, ya enzi za Malkia Viktoria, ikanakiliwa tu kila walikofika. Aliyeichora hakuwahi kutoka jasho Malaba.

Treni ya mwisho ilipokuwa inaondoka, tuliahidiana. Kila Jumapili jioni yeye akae kwenye benchi lake chini ya dirisha la tikiti, nami nikae kwenye langu. Kwenye daraja la mpakani kuna askari wenye bunduki, na mume wangu amekataa katakata nisivuke. Basi nakaa. Nikiinua macho kwenye ule ubao wa nakshi, najiambia naye anautazama. Namwona kabisa, amevua viatu, anasugua miguu.

Nina hamu naye hadi kifua kinauma.

Leo nimekuta benchi limetupwa nje kwenye mvua. Nikamwomba fundi aache tao moja tu wazi.

"Mama, hii amri imetoka juu. Mimi nafanya kazi tu," akasema, huku anaendelea kupanga matofali. Nimemjibu vibaya, na sijuti.

Nikarudi nyumbani nimeshaamua kwamba yamekwisha. Siwezi kwenda kukodolea ukuta macho kama mwendawazimu.

Baadaye akapita Mama Zaituni wa Busia, yule anayevusha sabuni na chumvi kwa magendo hadi kwenye nyumba za reli za ng'ambo. Nikamuuliza kama amemwona Amoit.

"Iko salama," akasema. "Lakini dada, hiyo stesheni yao walifunga kitambo, tangu mwaka jana. Veranda hakuna, ni ukuta tu. Sasa kila Jumapili anabeba kigoda, anakaa nje peke yake, anaangalia huo ukuta. Hata mvua ikinyesha. Watu wanasema kichwa imeharibika."

Nilimmiminia chai ikafurika kikombe.

Kumbe mwaka mzima nimekuwa nikimwona amekaa kivulini, naye yuko juani. Nilidhani tunatazama nakshi moja. Yeye alikuwa anatazama matofali matupu, na hakukosa kuja. Mimi nimezibiwa leo tu, na leo hii hii nilikuwa nimeshamwacha.

Nimelia, kisha nimekifuta kigoda cha jikoni na kukiweka karibu na mlango. Jumapili ijayo nitakwenda nacho. Watu wa Malaba nao waseme watakavyo.

Tuko wawili.