Courant Inarudiaka

Jumatatu, 13 Januari 1997

Nimerudi kutoka kazini Auderghem, mgongo umekufa. Siku nzima kumgeuza na kumwogesha bibi wa Kibelgiji. Nafika nyumbani, giza. Fyuzi imeruka tena. Hita na pasi kwa pamoja, nyumba hii kuukuu haiwezi. Mama mkwe ameketi gizani, mwanangu Neema mapajani, hana wasiwasi. Pasi imelala kifudifudi juu ya shati la mume wangu Déo, bado imechomekwa. Nimechomoa kwa hasira.

“Courant inarudiaka, binti yangu,” ameniambia. “Ukizima fer, utajua namna gani kama imerudi?”

Bukavu sote tulifanya hivyo, kuacha pasi ituambie umeme umerudi. Lakini kule umeme ukirudi mtaa mzima hupiga kelele, hata aliyelala anaamka. Hapa unarudi kimya.

Alhamisi, 16 Januari

Nimemweleza tena. Fyuzi ikiruka, chomoa pasi kwanza, ndipo utembee. Ameitikia ndiyo ya heshima, ile isiyo na kitu ndani. Na ndiye anayebaki na Neema tukiwa kazini.

Déo anataka nimwache mama yake, amekimbia vita juzi tu. Nimemjibu kwamba moto hauulizi mtu katoka wapi. Amenuna. Anune. Mimi naogopa.

Jumanne, 21 Januari

Nyumba imeungua.

Déo alitangulia kufika. Ngazi giza, fyuzi imeruka tena. Akashuka moja kwa moja chumba cha chini, akainua swichi. Taa zikawaka, akaridhika. Akabaki mlangoni na jirani, wakilalamikia baridi. Juu, Maman alikuwa amesinzia na Neema. Pasi ilikuwa juu ya blanketi, bado imechomekwa.

Déo alimtoa mtoto. Alipomrudia mama yake, moshi ulimzuia. Wazima moto ndio waliomtoa.

Mimi nilikuwa natoka kwenye metro, kituo cha Porte de Namur. Nikasikia ving'ora. Nikasema, maskini wa watu.

Ijumaa, 24 Januari

Maman amefariki. Hakuzinduka.

Watu wamejaa kwa dada yangu, Berchem, tulikohamia. Wanalia, wanakula, wananong'ona: wazee hawa na vyombo vya kizungu. Déo amewasikia.

“Ni mimi njo nilirudisha courant,” amesema.

Ni kweli, ndiye aliyeurudisha umeme. Maman nilimfundisha kuchomoa. Mwanawe sikumwambia apande juu kwanza, aangalie, ndipo awashe. Wala sikulifikiria. Nina hasira na sina wa kumpa.

Jumapili, 9 Februari

Jioni umeme umekatika mtaa mzima. Déo ameinuka, amezunguka vyumba vyote akipapasa kuta. Amezima swichi za taa, amechomoa pasi, friji, redio, hata taa ndogo ya Neema. Kisha akaketi.

Neema ameuliza courant itarudi saa ngapi.

“Iache kwanza,” amemjibu.

Tumekula mkate gizani. Baadaye taa za barabarani zimewaka, mwanga ukaingia dirishani. Tumeuona sote. Déo amempakata mtoto, na hakuna aliyeinuka.