Njia Mbili za Kumtafuta Mchangiaji Damu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nesi Gladys wa benki ya damu kapiga simu asubuhi, hata chai sijanywa. Shikamoo yangu hakungoja iishe! Kasema mfumo wetu wa kutafuta wachangiaji unakaa kimya mpaka anadhani umezimika. Juzi aliiacha kompyuta ikizunguka, akaanza kuwapigia watu anaowakumbuka kichwani. "Mwanangu Yuditha, mgonjwa haisubiri kompyuta imalize kufikiri."

Aibu — mfumo ule nimeuandika mimi.

Mzee Primus, bosi wetu, hakufoka. Angefoka ningejisikia afadhali. Kasema mimi na Sirili kila mmoja aandike njia yake ya kuiuliza kanzidata, ghala la majina yote, tuzipime. Ya haraka ndiyo itakayofungwa kwenye kompyuta za hospitali.

Sirili ni mgeni hapa ofisini Rau. Katokea Holili. Mpole, anamenya ndizi mbivu kwa mkono mmoja huku mwingine unaandika. Njia yangu inawaita wachangiaji wote wa kundi fulani, kisha inarudi kumuuliza kila mmoja: ulitoa damu lini? Mmoja mmoja. Yake inaunganisha majina na kumbukumbu za kutoa damu, inauliza yote mara moja, basi.

Nimeiona tu nikajua nitashindwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshindwa. Yangu ilianza — Mzee Primus akaenda kuchemsha maji, akarudi, bado! Ya Sirili: kufumba na kufumbua. Nikajifanya natafuta chaja chini ya meza.

Nikiwa huko chini nikamsikia Sirili anasema jaribio halikuwa la haki. Eti yangu ilipotangulia iliamsha data yote, yake ikaikuta tayari imekaa kwenye kumbukumbu ya mashine. "Nimepita njia ambayo Yuditha ameshaifyeka." Akaizima seva, akaiwasha upya, akatanguliza yake. Yeye mwenyewe! Nani alimwomba?

Ikashinda tena, lakini si kwa mbali vile. Kisha tukaweka faharasa kwenye kundi la damu, ili mashine isipekue jina moja moja kama mtu anayetafuta sindano. Zote mbili zikaongeza mbio. Tulipoijaribu kwa kata moja ndogo, yangu ilikaribia kuifikia yake.

"Kwa watu wachache njia yako haina shida," kasema. "Shida ni wingi."

Alisema kama mtu anayemfunika mwenzake shuka. Nani alimlea huyu?

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimegundua kitu, na nilitamani nisikigundue.

Kila mtu alikuwa anaangalia mbio. Mimi nikaangalia majina. Swali lile lile, kundi lile lile — na ya Sirili inaleta watu wachache kuliko yangu! Nikawatafuta waliopotea. Wote ni watu waliojiandikisha lakini hawajawahi kutoa damu. Hawana kumbukumbu ya kuunganishwa nayo, kwa hiyo njia yake inawadondosha kimyakimya. Yangu, pamoja na uzembe wake, inamwuliza mtu, haipati jibu, na bado inamweka.

Nilitoka nje, nikazunguka jengo. Nikisema, ataona nimeshindwa kukubali kushindwa. Nikinyamaza, kesho njia yake inafungwa hospitali.

Nikamwonyesha. Akaweka ndizi chini. Akayapitia majina yaliyopotea, moja moja, mpaka nikajuta. Halafu: "Watu wamejitolea wenyewe, mimi nimewafuta." Akavuta kiti kingine. "Kaa hapa. Tuisahihishe wote."

Tumeisahihisha. Sasa inaunganisha, na asiye na kumbukumbu anabaki. Imepungua mbio kidogo, hata sikuona kama inafaa kuandika kiasi gani. Mzee Primus akauliza, hii sasa ni ya nani? Sirili akasema, "Yetu."

Nilikwenda kuosha vikombe. Vilikuwa visafi.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani, Old Moshi. Baada ya ibada mvua imetushika kihambani, shamba letu la migomba, tope mpaka kwenye ndala. Mama kapika mtori. Dada Elisifa tumbo limeshuka, anatembea akishika migomba. Kliniki wamemwambia asijaribu kuzalia zahanati, aende hospitali mjini, maana damu yake ni O hasi na haipatikani ovyo. Shemeji Jesse yuko mlimani na wageni, bado hajashuka.

Eti nimemtaja Sirili mara tatu nikieleza habari za kanzidata. Sikujua!

Mama kauliza toka jikoni: wa kanisa gani?

"Mkatoliki, mama."

Sufuria ikakorogwa. "Haya. Mtori anakula?"

Elisifa alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka. Akachukua mkono wangu, akauweka tumboni, mtoto akanipiga teke. "Yudi, siku hiyo usiwe mbali."

Dada yangu huyu hajawahi kuogopa kitu. Hata nyoka.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji. Mwandiko mbaya, nina mtoto wa watu mapajani.

Elisifa kaletwa asubuhi. Mtoto alikaa vibaya, wakaamua kumpasua. Kisha damu ikakataa kukoma. Nesi Gladys akatoka, akasema O hasi iliyokuwepo yote imeshatundikwa; damu yangu na ya Mama haziingiliani na yake. Akakaa kwenye kompyuta, kwenye mfumo wetu mpya, mimi nimesimama nyuma yake, nimeshika kiti chake kama mtoto.

Majina yakaja hapo hapo. Wa kwanza — simu imezimwa. Wa pili yuko safarini. Wa tatu: Theopista, wa Rau. Amejiandikisha, hajawahi kutoa. Kwa njia ya kwanza ya Sirili jina hili lisingetokea; kwa yangu tungekuwa bado tunalingoja.

Nikapiga mimi. Nikaanza kueleza, sikufika mbali. Akauliza tu, "Niingilie geti lipi?"

Kaja na bodaboda, na binti yake mdogo, hakuwa na wa kumwachia. Kamkalisha kwangu. "Nishikie kidogo, dada. Ni nani wako humo?"

"Dada yangu."

Akajifunga kanga vizuri, akaingia chumba cha kutolea damu.

Sirili naye kafika, nguo zote zimelowa. Kamwamkia Mama kwa mikono miwili. Mama kasogea, kampa nafasi.

Damu ya Theopista inapimwa kwanza, lazima. Hakuna wa kumharakisha mtu wa maabara. Mama anaomba kwa Kichagga, midomo tu.

— Nesi Gladys ametoka mbio. Anataka kanga ya mtoto wa Elisifa, yu hai! Nimempa. Nimemshika mkono: na mama yake? "Bado wako naye." Bado. Kapitia maabara, karudi ndani na mfuko wa damu ya Theopista, mlango umefungwa.

Theopista ametoka, pamba kwenye kiwiko. Nimemwambia asante, aende akapumzike, Sirili atamtafutia usafiri. Binti yake amenilalia, nimeanza kumwinua taratibu. Theopista kaniwekea mkono begani.

"Mwache alale," kasema. "Na mimi nataka kujua."

Amekaa.