Unga wa Baba Tusekile

Shikamoo Baba,

Huku Nanyala baridi inauma. Leo nimemkuta Baba Tusekile, mliyekuwa mkichimba naye makaa ya mawe huko Ileje. Siku hizi anasaga mahindi kwa umeme wa jua. Wingu likitanda mashine inazimika, na akina mama wanakaa juu ya magunia wakisubiri, maana bei ni nafuu kuliko ya dizeli. Yeye bado ananawa mikono mara mbili kabla ya kugusa unga. Nikamuuliza kama anaukumbuka mgodi.

“Nawakumbuka wenzangu,” akasema, kisha akanifungia unga. “Mpe baba yako. Akichoka kukohoa huko mgodini, hapa kuna kazi ya mtu mmoja.”

Nimeutuma kwa basi pamoja na kadi hii. Usijibu haraka, Baba. Kula ugali kwanza.

Mwanao, Neema