Ufuo wa Nyuma ya Ngome

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumatano, tarehe 11 Machi.

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, na zikukute mgongo umetulia na shemeji amepona kile kikohozi chake cha kila mwaka. Wanangu hawajambo? Bonge bado anaficha mboga chini ya sahani, au siku hizi ameona aibu? Mwambie mama yake mdogo ana habari zote.

Sisi huku wazima. Neno hilo nimeliandika polepole, maana wiki hii nimelijua uzito wake. Mama mzima, mwanangu Kidoti mzima, shemeji yako yuko zamu kwenye kiwanda cha mikate kama kawaida. Nayasema haya mapema ili utulize moyo, kwa kuwa mbele kuna habari ya kutisha na sitaki uisome umesimama.

Mimi mwenyewe siko sawa. Kazi imenishinda. Jana nimeshona sketi ya sare ya shule nikaifunga huku na huku, haina pa kuingilia, na mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo ananitazama. Uzi nautia kwenye sindano mara tano ndiyo unaingia. Na nikisikia mtu, dada, anafungua bomba la maji jikoni nashtuka.

Unakumbuka uliniambia kwenye simu nimtoe mama nje kidogo, kwamba tangu baba atutoke amekuwa mtu wa kukaa na pazia limefungwa. Sikulaumu hata kidogo, ulisema kweli. Basi Jumapili nikamchukua yeye na Kidoti, tukafunga mikate na machungwa, tukapanda basi la asubuhi kwenda kwenye kile kisiwa chenye ngome ya zamani. Hujafika kule, kwa hiyo nitakueleza.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, ukikizunguka kwa miguu hutumii saa nzima. Maji yakitoka, unavuka kwa njia ya mchanga bila kulowa zaidi ya kifundo cha mguu. Juu ipo ngome, kuta zake pana kuliko kitanda changu, na mizinga imekula kutu mpaka inamong'onyoka. Kuizunguka ngome kuna fuo tatu. Wa kwanza uko karibu na lango, umejaa watu na wapiga picha. Wa pili ni wa kokoto na makombe, mama alijaza mfuko mzima. Alivua ndala, akakunja gauni, akacheka, dada. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu msiba.

Ufuo wa tatu uko nyuma ya ngome, na watu wengi hawaendi.

Kule kuna mlinzi mmoja mnene, filimbi haimtoki mdomoni. Anampulizia aliyepanda mzinga, anampulizia aliyetupa ganda, nadhani hata kunguru anawapulizia. Kidoti akambatiza Bwana Filimbi, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Alipoona tunaelekea nyuma akatufuata, jasho linamtoka, akamwambia mama kwa heshima: “Mama, nendeni tu, ni kuzuri. Ila saa nane kamili muwe mmeshatoka. Maji yakirudi, ile kona haipitiki.” Mimi nikajibu, “Sawa, bwana,” kama mteja anayeahidi kurudi kesho kuchukua gauni.

Ufuo ule ni mzuri, siwezi kukudanganya. Mchanga kama unga uliochekechwa, maji unaona vidole vyako mpaka kucha. Lakini nyuma yako ukuta wa ngome umepanda wima, hauna ngazi wala pa kushika, na njia ni ile moja tu uliyoingilia, kuizunguka kona ya mwamba. Maji yakijaa, ufuo wote unamezwa. Hilo nililijua, niliambiwa, nikatikisa kichwa.

Sasa sikiliza kosa lilipoingilia. Sijui kama huko bado unaiweka saa yako mbele kwa nusu saa, kama marehemu baba alivyotuzoesha ili tusichelewe kengele yake ya shule. Sisi hatujaacha. Saa ya ukutani iko mbele, na yangu ya mkononi iko mbele, na kila tukiitazama tunapunguza nusu saa bila hata kufikiri. Jumamosi jioni nilimpelekea fundi saa anibadilishie betri. Yule bwana, kwa wema wake, akairekebisha ikawa sahihi. Hakuniambia, nami sikuangalia. Na simu niliiacha kwenye begi kwa watunza mizigo langoni, nikiogopa isiingie chumvi.

Kwa hiyo saa iliposema saa nane kasorobo, mimi nikamwambia mama ni saa saba na robo, tule kwanza. Tukala. Filimbi ikalia juu ya ukuta, ndefu, tena na tena, na mama akasema, “Leo nani tena kamkosea yule baba?” Tukacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini sisi wimbi ndilo lililotuambia, lilipokuja likachukua ndala za mama tukiwa tumekaa.

Nikaangalia saa. Nane na dakika kumi. Nikajiambia bado tuna dakika ishirini. Nikainua kichwa kuitafuta ile kona, nikaona maji yamesimama pale tulipopita wakavu. Hapo ndipo nilipoelewa.

Nilimbeba Kidoti kiunoni, nikamshika mama mkono wa kulia, tukaingia. Maji yalikuwa magotini, mara mapajani, mara kifuani. Chini ni mawe yenye utelezi. Wimbi likija linatugonga kwenye mwamba, likirudi linatuvuta nje. Mama hajui kuogelea, mimi sijui kuogelea, mtoto ana miaka sita na analia sikioni mwangu, “Mama, tutakufa?” Watu husema maji yamewafika shingoni wakiwa wamekaa vitini. Mimi sitalisema tena neno hilo.

Katikati ya kona likaja wimbi kubwa. Kidoti akaniteleza kiunoni, nikabaki nimemshika kwa nguo tu, nguo inapanda na yeye anashuka. Nilihitaji mikono miwili.

Dada, mkono wa mama haukuniteleza. Alikuwa amenishika kwa nguvu, kucha zake ninazo hapa kwenye kiganja ninapokuandikia. Nilivifungua vidole vyangu, nikauvuta mkono wangu kutoka kwake, nikamshika mtoto.

Mama akazama. Alitokea mara moja, mdomo wazi, akazama tena. Sikupiga hata kelele. Nilijibana kwenye mwamba na mwanangu nikawa natazama maji tu.

Bwana Filimbi ndiye aliyekuja. Alikuwa ameshateremka kuizunguka kona kutoka upande wa pili, amejifunga kamba kiunoni, mwisho wake kwenye pete ya chuma iliyo ukutani. Mtu yule mnene tuliyemcheka alijitupa mzima mzima, akamkamata mama kwa gauni, akamvuta kama gunia mpaka kwenye ngazi zilizo ng'ambo ya ile kona. Kisha akarudi akatuchukua sisi. Mama alitapika maji kwa muda mrefu. Nilipomshukuru yule bwana aliutazama mkono wangu, akageuka kukunja kamba yake. Alituona lile wimbi lilipotupiga, alikuwa mbele yetu kabisa.

Jumatatu nilimpeleka mama zahanati, wakamsikiliza kifua, wakasema maji yametoka, apumzike. Hana homa, anakula, usiku analala kuliko mimi.

Lakini kuna jambo. Kila anayekuja kumpa pole, jirani wa chini, shemeji yako, mke wa fundi saa, mama anawasimulia habari moja. Anasema, “Nilimwachia mwenyewe. Nilimwambia mwanangu mshike mtoto, mimi nimeshaishi.” Anaisimulia vizuri, wageni wanalia. Mimi niko pembeni nashona. Hakusema hivyo, dada. Hakusema neno lolote, hakupata nafasi. Na wewe ukipiga simu atakusimulia hivyo hivyo, ndiyo maana nimeona nikuandikie kwanza. Ulinikabidhi mama, una haki ya kujua nilichokifanya.

Nilidhani ananifichia aibu, nikawa namshukuru kimoyomoyo. Ila siku ile ya Jumatatu, tulipotoka zahanati, ilibidi tuvuke ile barabara kubwa. Magari yalikuwa mengi. Nikanyoosha mkono nimshike, kama nifanyavyo siku zote. Mama akauangalia mkono wangu, akaingiza wake ndani ya khanga, akavuka peke yake.

Nakuomba umpigie, dada. Usimuulize kuhusu bahari. Mwache aongee yake, ya mboga, ya Kidoti, ya magoti yake, na likija jina langu sikiliza sauti yake vizuri. Wewe ni mkubwa, sauti ya mama unaijua kabla yangu. Kisha uniambie kweli kama ananisamehe au ananiogopa, maana mimi niko naye chumba cha pili na siwezi kumuuliza.

Nisalimie shemeji, Bonge, na yule binti yako mpole anayependa kuandika barua, mwambie namdai jibu. Shemeji yako anakusalimu. Kidoti anakusalimu pia, amekuchorea ngome, lakini bahari hakuichora. Mungu awalinde huko, na muwapo karibu na maji awalinde mara mbili.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kama zamani, hata kama wewe baada ya kusoma haya hutaweza.